Kisu Kikubwa na Mbuzi wa Taru

Mejumaa mwanangu,

Salamu siziandiki, kwa sababu tuko nyumba moja na magharibi utanipa shikamoo yako mwenyewe ukirudi kutoka Kinondo kuwaaga shangazi zako. Nimekaa barazani, alasiri nimekwisha kuiswali, na mama yako yuko ndani anazikunja nguo zako kwa mara ya nne. Mambo ya sweta, dawa ya kifua na namba za simu za watu wa Nanyuki ni yake. Amenikataza nisiyaguse, nami nimeshukuru. Mimi nina neno moja tu, nalo ni la kisu. Ukiona kurasa ni nyingi, ujue neno moja la baba yako halijapata kuwa moja.

Ijumaa ya wiki iliyopita ulinionyesha picha kwenye simu yako. Kisu cheusi, kirefu, mgongoni kina meno ya msumeno, mpini mnene wenye kifuniko, na ndani ya mpini dira ndogo na ndoana za kuvulia. Uliniuliza, "Baba, wewe umetembeza wageni miaka yote ile. Hiki kitanifaa kambini?" Nilikitazama, nikakurudishia simu, nikasema ni kizuri. Haikuwa kweli. Moyo ulikuwa umenipiga, kwa maana mimi nilikuwa nacho kisu cha namna hiyo, ndugu yake kabisa, na hadi leo nikikikumbuka naona haya.

Kisha ukaniuliza swali la pili, na ami yako Salimu yuko hapo anakunywa kahawa. Ulisema msimamizi wa kambi alikueleza kwamba mara nyingine hununua kondoo kwa ajili ya wageni wanaopanda mlima, na kwa kuwa katika kundi zima la waongozaji Mwislamu utakuwa wewe peke yako, wangependa uchinje wewe ili kila mtu aweze kula. Ukauliza, kwa adabu yako ile ile, kama ningekufundisha. Nami nikacheka. Nilisema, "Mwanamke achinje? Kondoo mwenyewe atakufa kwa kicheko kabla kisu hakijamfika." Ami yako alicheka hata kahawa ikampalia. Wewe ulitabasamu, ukaingia ndani, na tangu siku hiyo habari ya kisu hujaitaja tena. Nimeliona hilo kila siku ya wiki hii.

Basi nakuandikia majibu ya maswali yote mawili. Ningeweza kukueleza uso kwa uso, lakini wanijua, mdomo wangu ukikutana na jambo zito hukimbilia mzaha, na mzaha ndio ulioniponza siku ile. Hapa barazani sina wa kumchekesha.

Nilianza kazi ya kutembeza wageni nikiwa na miaka ishirini na minne, kabla sijamwoa mama yako. Kampuni ilikuwa ya Diani. Tuliwachukua watu hotelini, wale waliochoka kulala mchangani, tukawapandisha milima ya Shimba, na wengine tukawafikisha hadi nyika ya Taru, siku nne au tano kwa miguu, mahema mgongoni. Mwanzoni sote tulibeba mapanga, maana sisi watu wa Msambweni bila panga huwa kama tumesahau kuvaa. Lakini mgeni akiona panga karibu na hema lake huanza kutafuta pasipoti. Msimamizi akatuambia mapanga tuyaache nyumbani, kila mtu atafute kisu kikubwa cha kambini, chenye ala, cha kufanya kazi bila ya kumtisha mtu.

Nikaenda Mombasa. Dukani visu vilikuwa vimepangwa kwenye kabati la kioo, na kile changu kilikuwa katikati, cheusi, na ala yake ina mfuko wa kiberiti. Vingine sikuvitazama. Sikukishika kwanza, sikuuliza ni chuma gani. Nilikiona tu nikajiona mimi nimekivaa. Wiki nzima nilitembea nacho kiunoni hapa Msambweni, sokoni, kwa fundi cherehani, hata msikitini, mpaka imamu akaniambia nikiache mlangoni pamoja na viatu. Babu yako alikishika, akakipima mkononi, akasema, "Kizuri kwa kutazamwa," akanirudishia. Mimi nikaona nimesifiwa.

Wewe kesho ukipita Mombasa usinunue kwa macho. Mwambie mwenye duka akitoe kabatini, na akikataa nenda duka jingine. Kifumbate kwa mkono mkavu, kisha kwa mkono uliolowa maji, maana huko mlimani nasikia kuna umande na mvua kila siku, na mpini laini huponyoka kama kambare. Pale mpini unapokutana na makali pawe na kizuizi kidogo, kidole kisiteleze kikafika makalini. Halafu tazama msuka. Huo ni ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Kisu cha kazi chuma chake ni kimoja tangu ncha hadi mwisho wa mpini, na ukikitazama ubavuni unauona umepita kati ya vipande viwili vya mpini, umebanwa kwa misumari ya ribiti. Sasa kile cha kwenye simu kina uwazi wa kuwekea dira na ndoana. Jiulize, ikiwa ndani mmejaa ndoana, msuka umekaa wapi? Umeishia shingoni, nusu ya kidole, umeshikwa kwa skrubu. Changu kilikatika hapo hapo katika mwaka wangu wa pili, nikipasua gogo, na bapa likaruka likapita karibu na sikio la mgeni mmoja wa Nairobi. Yule bwana alicheka, lakini siku hiyo hakuja tena karibu na kuni.

Meno ya msumeno nayo usiyatake. Gogo hayakati, ila yanakuharibia mgongo wa kisu, na mgongo ndio unaopigwa kwa kipande cha mti unapopasua kuni. Bapa lisizidi urefu wa kitanga chako na vidole ukivinyoosha, kwa sababu zaidi ya hapo utabeba uzito bure, na wewe una mlima wa kupanda. Chuma kisichoshika kutu ni raha huku kwetu kwenye chumvi, lakini huko hata chuma cha kawaida kitakufaa ukikipaka mafuta ya nazi, na hicho hunoleka upesi. Ala igeuze kichwa chini uitikise mbele ya muuzaji. Kisu kikianguka, mwachie.

Hayo ni ya kisu kikubwa. Ni cha kuni, cha kamba, cha vigingi vya hema na matawi yaliyoziba njia. Watu husema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mimi nilikuwa na kisu kikubwa, nikadhani ndicho hicho wanachokisema.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wangu wa kwanza. Tulikuwa na wageni sita, mimi, na mpishi wetu Mzee Bakari wa Kinondo. Wewe humkumbuki, alifariki ukiwa mdogo, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mzima tayari, mfupi, mkimya, na katika safari zile zote hakupata kula nyama asiyojua imechinjwa na nani. Wageni wakileta nyama zao za mkebe aliwapikia, akawapakulia, kisha akakaa pembeni na maharage yake. Hakumlaumu mtu kwa hilo wala hakujionyesha.

Karibu na Taru tulipiga kambi jirani na boma la mfugaji mmoja Mduruma, Mzee Tsuma. Asubuhi ile mbuzi wake kadhaa walikuwa wamepotelea vichakani, nasi pamoja na wageni tukasaidia kuwatafuta mpaka adhuhuri, mimi mbele nikiikata miiba kwa kisu changu na kujiona. Tukawapata wote. Mzee Tsuma alifurahi sana, akaleta beberu mchanga, akasema hatutaondoka kwake mikono mitupu. Kisha akamwendea Mzee Bakari.

"Mimi ni mtu wa kanisani," alimwambia. "Lakini nimekuona jana ukila peke yako. Kwangu hapa hakuna mgeni wa kukaa pembeni. Achinje Mwislamu, tule sote sahani moja. Nyama hii ni halali yako, mzee, kula bila wasiwasi."

Mzee Bakari alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru. Nilimwona machoni jinsi alivyoguswa. Kisha akanigeukia mimi. "Chinja wewe, mwanangu. Mikono yangu siku hizi inatetemeka." Akatoa mfukoni kisu chake kidogo, kimekonda kwa kunolewa, mpini umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. "Tumia hiki. Sikikatii kitu kingine chochote."

Wageni walikuwa wamesimama na kamera zao tayari. Nilikitazama kile kisu cha mpira wa baiskeli, nikaona nitakavyoonekana.

"Ahsante, mzee," nikasema. "Ninacho changu."

"Kina makali?"

"Kina makali."

Akarudi jikoni kuchochea moto.

Kisu changu kilikuwa kimekata miiba tangu alfajiri, na jana yake nilikuwa nimekichimbia mtaro wa hema. Nilikipitisha kwenye jiwe mara mbili tatu, tena mbele ya macho ya mnyama, jambo tulilokatazwa tangu chuo cha Kurani. Nikamlaza, nikamwelekeza kibla, Mzee Tsuma akashika miguu. Nikasema bismillahi. Kisu hakikuingia. Kiliteleza juu ya manyoya. Nikakandamiza, kikaingia kidogo, kikakwama. Nikauinua mkono, nikarudi, nikauinua tena. Ile sauti ya mbuzi sitaiandika hapa. Mwishoni sikuwa nachinja, nilikuwa nasukuma kwa uzito wote wa mwili wangu mpaka akatulia, na mimi mwenyewe sikujua ametulizwa na makali au na goti langu. Msichana mmoja katika wageni alikuwa amekaa chini analia, na kamera zote zilikuwa zimeteremshwa.

Unajua tulivyofundishwa. Mnyama afe kwa makali, si kwa nguvu za mchinjaji, na akifa kwa nguvu nyama yake hailiwi. Hilo nililijua nikiwa bado nimepiga magoti. Nilitakiwa niseme tu, "Mzee, nimeharibu."

Mzee Bakari aliuliza kutoka jikoni, moshi umemzunguka, hakuona kitu. "Imekwenda salama?"

"Imekwenda, mzee," nikajibu. "Alhamdulillahi."

Hata Mwenyezi Mungu nilimtia katika uwongo wangu.

Nyama ikapikwa. Mzee Bakari alikaa mkekani na watu wote, sahani moja na Mzee Tsuma, akala. Alikula vizuri, akacheka, akasimulia mambo ya ujana wake ambayo sikuwahi kuyasikia kwake. Mimi sikuweza kutia hata kipande mdomoni. Nilisema tumbo linanisokota. Na ni yeye aliyeinuka, akaacha chakula chake, akanichemshia chai ya tangawizi na kukaa nami mpaka nikaimaliza. Nimepata mambo magumu maishani, mwanangu, nimezika wazazi, nimewahi kukosa kazi mwaka mzima, lakini ile chai ndiyo iliyonishinda kuimeza kuliko yote.

Asubuhi tukikunja mahema Mzee Tsuma aliniita kando ya zizi. Nilidhani atanisema kwa ajili ya mnyama wake.

"Dini yenu siijui," alisema. "Lakini nilikuwa nimeshika miguu, nilihisi vilivyokwenda. Mimi ndiye niliyemwambia mzee wa watu ale bila wasiwasi. Alikula kwa neno langu. Sasa umenifanya mwongo nyumbani kwangu."

Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya mzigo.

"Utamwambia wewe," akauliza, "au nimwambie mimi?"

Nilimwambia mimi. Ilikuwa saa sita ya mchana, tumefika barabara kuu tunasubiri gari la kampuni, malori ya Nairobi yanapita na kututimulia vumbi. Nilimweleza yote, kisu, jiwe, goti, na lile neno langu la mwisho. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akauliza jambo moja tu. "Kisu changu kilikuwa na kasoro gani?" Nikasema hakikuwa na kasoro, niliona haya kukishika mbele ya wageni. Akaitikia kwa kichwa, akachukua kikoba chake, akaenda kukaa upande wa pili wa mizigo.

Hakunitukana, wala hakunisema kwa mtu. Lakini kwa miaka miwili baada ya hapo, nikichinja hata kuku, yeye alikaa pembeni na maharage yake. Alinijulia hali, alinitania, siku moja nilipopatwa na homa porini alinifunika blanketi lake mwenyewe. Kula tu ndiko alikokataa. Wenzetu walidhani anazidi kuwa mkali wa dini kadiri anavyozeeka. Mimi na yeye ndio tuliojua. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nami sikuitafuta pole. Nilikwenda kwa muuza nyama mmoja wa Ukunda, nikamwomba anifundishe kunoa, na kila siku ya mapumziko nilikaa nyuma ya kibanda chake nikinoa visu vyake. Alivijaribu kwenye karatasi. Karatasi ikitoa sauti, alinirudishia bila ya kusema neno. Ilichukua miezi mingi kabla karatasi haijanyamaza.

Kisha ukazaliwa wewe. Siku ya kukuchinjia mbuzi wa akika nilimwalika Mzee Bakari, na kwa kuwa sikuwa na uso wa kufanya vinginevyo nilimwomba achinje yeye. Alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, akakichukua kisu changu, kidogo safari hii, akakijaribu kwenye ukucha wake.

"Umekinoa lini?"

"Ninakinoa tangu juzi, mzee."

Akanirudishia. "Chinja wewe. Ni mwanao."

Nikachinja, mara moja, na mbuzi hakupata hata kulia. Sahani zilipoletwa watu walikuwa wanazungumza na kukuombea dua, na mimi naukodolea macho mkono wa mtu mmoja. Akamega wali, akachukua pande la nyama, akalitia mdomoni, akaendelea kuzungumza na jirani yake. Nililia pale pale mbele ya watu. Walidhani nalia kwa furaha ya mtoto, na kwa nusu walikuwa sawa.

Haya mama yako mwenyewe ameyajua wiki hii. Nimemsimulia ili nipate ujasiri wa kukusimulia wewe, naye amenitazama, akaniuliza, "Na kwa nini basi ulimcheka mtoto?" Nadhani nilicheka kwa sababu ulinigusa palipo na kidonda, na ami yako yuko hapo, na mtu aliyeguswa kidonda mbele ya watu hufanya ujinga. Hilo ni jibu, lakini si zuri.

Kwa maana swali lako halikuwa la mchezo, Mejumaa. Uliona mbali kwamba iko siku watu watautegemea mkono wako kwa jambo wasiloweza kulikagua wenyewe, ukataka mkono huo uwe tayari kabla ya siku hiyo. Mimi kwa umri huo huo nilivaa kisu kiunoni nikaona nimemaliza. Umenishinda kwa mbali, na badala ya kukwambia hivyo nilikufanya kichekesho. Naumia nikilifikiri. Nisamehe, mama, na silisemi hili kwa desturi ya kuagana.

Sisemi sikuwa na wa kumsingizia. Nimekua nikimwona bibi yako amesimama barabarani na kuku mkononi, anangoja mwanamume yeyote apite amchinjie, hata kivulana kisichojua kufunga vifungo vya shati lake. Mama yako naye vivyo hivyo. Mwaka jana alingoja hadi kuku akamponyoka akarudi bandani mwenyewe, nasi tukala mchicha siku hiyo. Tulicheka, hatukujiuliza kitu. Jumatatu ya wiki hii nikaenda kwa mwalimu Rashidi wa madrasa, nikazunguka zunguka, nikamuuliza kwa niaba ya jirani. Akasema mwanamke akilitaja jina la Mungu, akajua anachokifanya na kisu chake kikawa kikali, nyama yake ni halali na haina maneno. "Hiyo nyingine ni mila, Hamisi, si sheria," akasema. "Na huyo jirani yako umwambie amsalimie binti yake Mejumaa."

Kwa hiyo visu ni viwili. Kikubwa chagua mwenyewe, sasa unajua pa kutazama. Kidogo nimekutafutia mimi, kwa mhunzi wa Lunga Lunga anayefua visu kwa springi za malori zilizokatika. Chuma hicho kinashika makali na hakina hiana. Bapa lake limenyooka, ni refu kiasi cha kupita shingo ya kondoo kwa nafasi, na mpini ni wa mti, umeingia msuka mzima, nilisimama nikauona ukiingizwa. Kitunguu kisikate, kamba kisikate, mkebe kisifungue. Mwenzako akikiomba kwa dakika moja, mpe kile kikubwa.

Na ukiharibu, maana kuna siku utaharibu, sema pale pale. Watanuna kidogo, watakula maharage, na kesho yake wataendelea kukuamini. Usije ukachemshiwa chai.

Naogopa unavyoondoka, nisikufiche. Si baridi ninayoiogopa, wala mlima. Naogopa kwamba uliingia ndani ya nyumba siku ile ukatabasamu, na ungeweza kwenda hivyo hivyo na tabasamu lile, ukawa unanipigia simu kila Ijumaa kuniuliza hali, bila ya kuniuliza tena jambo lolote unalolitaka kweli. Watoto wenye adabu hufanya hivyo, na wazazi wao husifiwa misikitini.

Kesho gari lako ni saa nne. Ukishaswali alfajiri usirudi kulala, njoo nyuma ya jiko. Nimenunua jogoo, na maji na kinoo nimeviweka tayari. Utakinoa kisu mwenyewe kwanza, mbali na macho yake. Mimi nitashika miguu na mabawa. Mkono ukitetemeka tutangoja utulie, jogoo hana safari. Mama yako atampika kwa nazi tule sote kabla hujaondoka, naye ameniambia anataka asimame karibu aone unavyofanya, na sababu hakunieleza.

Ami yako Salimu nimemwalika. Mwanzo nilikusudia nimwache ale kwanza, ashibe, arambe vidole, ndipo nimwambie nani amechinja, tumcheke kama alivyokucheka. Mzaha wote nilishaupanga. Kisha nikauona ulivyo, nikachukua simu nikampigia mchana huu, nikamwambia kwamba mchinjaji ni wewe na kwamba moyo wake ukikataa asije, hatutamlaumu. Yeye akauliza tu aje saa ngapi.

Baba yako,
Hamisi